Mshauri Aliyekataa Kuniambia

Mimi nina hasira za karibu. Mume wangu husema zangu huchemka kabla ya maji ya chai, na sitabisha. Kwa hiyo nikisema kwamba niliwahi kumchoma mama wa kanisa kwa pini ndani ya duka langu la kushona hapa Rangwe, wanaonijua hawashtuki. Huuliza tu alikuwa nani.

Alikuwa mshauri wa kanisa letu. Ameolewa na binamu mkubwa wa mume wangu, na kwetu Wajaluo wake wa ukoo mmoja huitana nyieka, yaani mke mwenzangu, hata kama kila mmoja ana bwana wake na boma lake. Basi yeye ni nyieka wangu, nami ni wake. Ni mwanamke mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mungu alipokuwa akigawa vifuniko vya midomo, nadhani nyieka alikuwa amesimama kando anapiga gumzo, foleni ikampita.

Miaka kadhaa iliyopita kilianzishwa chama cha washauri wa Biblia. Kilianzia upande wa Migori kikaenea kanisa hadi kanisa mpaka huku kwetu Homa Bay. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, hilo nalikubali hata leo. Mtu akiwa na mzigo, badala ya kukimbilia kwa mganga au kuumeza mpaka umtoboe tumbo, aende kwa mshauri aliyefundishwa. Wakae wawili, Biblia katikati, aseme, asikilizwe, waombe, aende zake. Waliochaguliwa walikwenda Migori kufundishwa. Walirudi na sare ya kitenge, ambayo niliishona mimi, na walirudi na maneno mapya. Hawakusema tena "pole". Walisema "nakusikia". Ukimwambia nyieka kwamba mbuzi ameingia shambani akamaliza sukuma yako yote, anakushika mkono, anafumba macho: "Nakusikia, nyieka. Nakusikia." Na mbuzi bado yuko shambani.

Lakini tulikwenda. Wacha nisiseme uongo, sote tulikwenda. Nani hana lake moyoni?

Langu lilikuwa dogo. Wakati ule mume wangu alikuwa anachimba dhahabu Macalder na rafiki yake wa tangu ujana, na alikuwa akija nyumbani mara moja moja. Akifika, kabla hajanisalimu, anapitia kwa ng'ombe. Anamkuna shingo. Anamuuliza habari za hapa, anampa habari za kule. Mimi nimesimama mlangoni, nimeoga, nimevaa vizuri, chai inapoa. Jambo la kipuuzi, najua, lakini liliniuma, nikampelekea nyieka. Alinisikia vizuri ajabu. Aliniombea mpaka nikalia, nikatoka nyumbani kwake nikiwa mwepesi.

Jumatano iliyofuata, kwenye maombi ya kanisa, nyieka akasimama. Akafumba macho, akainua mikono. "Bwana, tunamleta mbele zako dada yetu mmoja, jina lake sitalitaja, mwenye cherehani pale karibu na mashine ya kusaga, ambaye mumewe anampenda ng'ombe kuliko yeye. Bwana, badilisha moyo wa huyo baba. Na ng'ombe pia, Bwana, umguse."

Kanisa lote likasema Amina. Amina yenyewe ilikuwa inatetemeka kwa kicheko.

Yawa! Wiki nzima kila aliyepita mbele ya duka langu alilia kama ng'ombe. Hata watu wazima. Hata mzee wa kanisa, ambaye alidai alikuwa anakohoa.

Nilimwendea nyieka nikiwa nimewaka. Alishangaa kweli, macho yamemtoka. "Lakini nyieka, sikutaja jina!" Na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wenyewe. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kwetu, neno la mtu likishaitwa hitaji la maombi, si umbea tena. Limebatizwa. Washauri wengi wa chama walikuwa wanafanya vivyo hivyo, kwa upendo, mikono juu, machozi yakiwatoka. Huko Oyugis baba mmoja aliombewa ugonjwa wake wa siri huku wakwe zake wakiwa kiti cha mbele. Watu wakaanza kusema kwamba ukitaka habari yako ifike Oyugis kabla yako, mpe mshauri. Kidogo kidogo wakaacha kwenda. Washauri wakabaki na sare zao, wanakusikia wao kwa wao.

Sifa ya chama ni kwamba hakikujifanya hakioni. Mwenyekiti wake, mchungaji mstaafu kutoka Migori, mtu mrefu asiye na haraka ya maneno, alizunguka makanisa yote. Alipofika kwetu, Jumapili ambayo mume wangu naye alikuwa nyumbani, hakuhubiri. Alisimama akasema, "Mlituletea siri zenu nasi tukazitangaza, tukaziita maombi. Tumewakosea." Akasema kuanzia hapo mshauri hana ruhusa ya kumwombea mbele ya watu mtu aliyeketi naye, kwa jina wala bila jina, wala kwa kutaja cherehani, na asiyeweza kukaa kimya avue sare arudishe. Kisha nyieka akainuka, bila kuitwa. Alitaka kusema, midomo ikacheza, sauti ikakataa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisimama mbele ya watu akakosa neno. Alibaki pale analia kama mtoto aliyevunja chungu, mpaka mwenyekiti akamshika mkono akamketisha.

Baadaye alipita nyumba kwa nyumba kwa wale aliowatangaza. Kwangu alikuja na kuku. Kuku nilimla, alikuwa mtamu. Msamaha nikaubakiza.

Mambo yakakaa hivyo, mpaka shimo likaanguka Macalder.

Nilipigiwa simu nikiwa kwenye cherehani, nikaambiwa mume wangu yuko hai. Nilishukuru kwa sauti mpaka mteja aliyekuwa dukani akaanza kuimba pambio. Rafiki yake hakutoka. Walimchimbua akiwa amekwisha kufa.

Mume wangu akaletwa nyumbani. Nikasimama mlangoni kama siku zote, nikimngoja ampitie ng'ombe wake. Akampita. Ng'ombe akanyoosha shingo, yeye akampita tu, akaingia ndani akakaa kitandani na viatu. Nilitamani aende kwa huyo ng'ombe akae naye hata mpaka jioni, sitasema neno tena maisha yangu yote.

Hakwenda kumzika rafiki yake. Asiyetujua hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi ya mwanawe akasamehewa. Mazishi ya rafiki mtu hayakosi, hata akiwa mgonjwa anabebwa. Nilimpigia pasi shati jeupe, likakaa kwenye msumari. Siku ya mazishi ikapita, na watu wakaanza maneno. Mtu asiyemzika mwenziwe ana kitu anaficha. Walikuwa wawili mle shimoni, nani anajua?

Alikuwa hali chakula. Alikuwa anajibu "mm" kwa kila kitu. Ukimuuliza kama anataka ugali, mm. Ukimwambia paa linavuja, mm. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwimbia, nikampikia samaki wa kila namna. Mm. Siku moja nilizikusanya kamba zote za nyumbani nikaenda kuzificha, na ng'ombe nikamfunga kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye kazi. Alipendeza, amefungwa kwa maua. Aliyewahi kuficha kamba nyumbani kwake anajua nilikuwa na hofu gani. Asiyewahi, Mungu amzidishie.

Basi siku hiyo ndiyo aliyofungua mdomo. Alimwangalia ng'ombe, akaviangalia vile vitambaa, akaniangalia mimi. Akajua. Akasema, "Yule shemeji, bado anafanya ile kazi ya kukaa na watu?"

"Shemeji yupi?"

"Mke wa ndugu yangu."

Haki ya Mungu, niliruka. "Huyo? Huyo ukimwambia leo, kesho utaimbiwa kwaya! Tuna mwenyekiti Migori, mtu mzima, mtu wa maana. Nitakupeleka mimi mwenyewe."

"Huyo wa Migori simjui."

"Na huyu unamjua vizuri mno!"

"Ndiyo," akasema. "Nilimwona siku ile alipolia kanisani. Huyo ameonja aibu."

Nilitaka kubishana, nikaona mtu wangu amesema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima, nikameza yangu. Akavaa kandambili, akaenda. Alikaa kwa nyieka tangu asubuhi mpaka kuku wa watu wakaanza kurudi bomani. Akarudi, akanywa uji bakuli zima, akalala. Wiki iliyofuata akaenda tena. Na tena.

Mimi sasa nikawa mlinzi. Jumatano sikukosa maombi. Nilikaa kiti cha nyuma ya nyieka, masikio wazi, nikingoja asikike akimleta mbele za Bwana ndugu mmoja mchimbaji, jina lake sitalitaja. Nilikuwa nimeyapanga maneno nitakayomrushia. Nyieka akasimama, akainua mikono. Akaombea mvua. Wiki iliyofuata akaombea watoto wa shule. Halafu akaombea serikali. Aliombea serikali kwa urefu, mpaka nikaona jasho linamtoka shingoni, nikajua kuna kitu kinamsukuma ndani kitoke, naye anakizuia kwa kuwaombea mawaziri.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Mume wangu alikuwa ameanza kula, ameanza hata kulikazia paa macho, na aliyejua ni nini kinachomtafuna alikuwa nyieka na si mimi, mke wake! Mimi niliyeficha kamba! Nilimpelekea nyieka sukari, nikidhani itamfungua mdomo. Akaipokea, akashukuru, akanieleza nani amenunua pikipiki, nani amefukuzwa kazi, kwa nini samaki wamepanda bei, na mchumba mpya wa binti wa mwalimu ana miguu ya namna gani. Juu ya mume wangu, kimya.

Ndipo akaleta gauni lake dukani nimpanulie kiuno. Nikasema moyoni, leo Bwana amenipa. Nilimsimamisha katikati ya duka, mikono juu, pini midomoni mwangu, kitambaa kimembana hawezi hata kukohoa.

"Nyieka," nikamwambia, "mume wangu amekwambia nini?"

"Nyieka, usiniulize hilo."

"Mimi ni mkewe."

"Ndiyo sababu usiniulize."

"Mwezi mzima nimekaa na maiti nyumbani! Mimi ndiye ninayemfulia, ninayempikia, ninayeamka kuangalia kama anapumua. Nina haki!"

"Unayo," akasema. "Muulize yeye."

"Hasemi!"

"Basi mngoje."

Pini ikaingia. Sitasema iliteleza, maana hata wewe hutaamini. Nyieka alipiga ukelele uliofika kwenye mashine ya kusaga, wateja wa unga wakatoka nje. Akageuka, machozi yamemlengalenga, akanishika mikono yote miwili. "Nichome tena," akasema. "Nichome mpaka pini ziishe. Nilikuuza mara moja, nyieka, na wewe ulikuwa umeniletea jambo la ng'ombe tu. Hili lake nikilitoa, hata kwako, nimemuua."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalia. Nililia kwa hasira kwanza. Kisha sijui nini kilibadilika, nikawa nalia kwa kitu kama ahueni. Maana nilielewa: ikiwa mimi sikupewa, basi hakuna aliyepewa. Ile siri ilikuwa imekaa mahali salama kuliko benki. Nyieka naye akalia kwa sababu hawezi kuona mtu analia peke yake, na gauni likapasuka kiunoni palepale, nikalishona upya bila malipo.

Hasira yangu hata hivyo haikwisha siku hiyo. Nilizunguka nayo. Nikienda soko la Oyugis kununua vitambaa, namlalamikia muuza vifungo. Nikirudi, namlalamikia mama wa parachichi. "Mwanamke gani huyu? Nimempa sukari, hasemi. Nimemchoma pini, hasemi! Mke wa mtu anauliza habari za mume wake mwenyewe, ananiambia ningoje!" Nililalamika kila mahali, nikitegemea watu wanionee huruma.

Hawakunionea. Mama wa parachichi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umemchoma na hakusema?"

"Hakusema!"

"Na anapatikana siku gani?"

Wiki hiyohiyo nilimwona anaingia kwa nyieka, leso imefunika kichwa. Akafuata muuza vifungo, akija kutoka Oyugis kote huko. Akafuata mzee wa kanisa, yule mwenye kikohozi cha ng'ombe. Nikasikia kwamba hata washauri wa Oyugis na wa Migori wameanza kupata watu, kwa kuwa hadithi ya pini ilikuwa imefika huko na kuongezewa chumvi. Kule inasemekana ilikuwa mkasi. Mwenyekiti alikuja kutushukuru kwamba watu wamerudisha imani kwa chama. Alishukuru maombi, alishukuru mafunzo mapya, alishukuru uongozi. Mimi nilikaa nyuma huko. Tangazo lote lile nililitoa bure na hakuna aliyenitaja.

Kisha asubuhi moja mume wangu akalitoa shati jeupe kwenye msumari. "Twende Nyatike," akasema. "Kwa mke wa rafiki yangu." Akalivaa. "Na shemeji aje."

Tukaenda watatu. Njia nzima, kupitia Migori mpaka kule, nyieka hakusema neno, nikaanza kudhani ni mgonjwa.

Boma la marehemu liko juu kidogo ya barabara ya vumbi. Kwetu mwanamume anayekuja msibani huingia akilia tangu langoni, kwa sauti, bomani wote wajue amefika. Mume wangu alisimama langoni kama mtu aliyekuja kuuza kitu asichokuwa na hakika nacho. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka akibangua njugu. Alimtambua. Hakuinuka.

"Umechelewa, shemeji," akasema.

"Nimechelewa."

Akamsogelea mpaka kwenye ukingo wa mkeka. Nyieka alikuwa kando yangu, nikahisi mkono wake unatafuta wangu. Nikampa.

"Nilikuwa juu yake kwenye kamba," mume wangu akasema. "Udongo ulianza kushuka. Aliniita. Aliniita omera, ndugu yangu, kama tulivyokuwa tukiitana siku zote. Mimi nilikuwa nimeshaona mwanga. Akaniita tena. Nikapanda. Shemeji, nilimsikia, na nikapanda. Sikugeuka."

Kumbe ndilo hilo. Kumbe ndilo alilolala nalo, akaamka nalo, huku mimi namuuliza kama anataka ugali. Nilimtazama nyieka, ambaye alikuwa amelibeba wiki zote zile katikati ya mvua na serikali, na uso wake ulikuwa umelowa kana kwamba analisikia leo kwa mara ya kwanza. Nikaukaza mkono wake. Msamaha wa kuku nadhani nilimpa hapo.

Mjane aliziacha njugu. Nilikuwa nangoja atukane, au apige nduru watu waje. Nilikuwa nimejiandaa kusimama katikati yao.

"Ulimsikia?" akauliza.

"Nilimsikia."

"Waliniambia alizimika palepale. Kwamba udongo ulimfunika kimya, hakuna hata mtu aliyesikia kitu." Akakung'uta maganda ya njugu mkononi. "Kila siku nafikiri hilo. Kwamba aliondoka kama kuku, peke yake, hana hata wa kumwita."

"Hapana," mume wangu akasema. "Alikuwa na wa kumwita."

Mjane akainua uso. Kisha akasema, polepole, "Aliita vipi?"

Mume wangu hakuelewa.

"Vile alivyoita. Sauti yake. Nifanyie."

Mume wangu aliniangalia mimi, akamwangalia nyieka, na sisi wawili wenye maneno ya kugawia kata nzima hatukuwa na hata moja la kumpa. Basi akafumba macho, akavuta pumzi, akaita. Hakuita kwa hofu. Aliita kwa sauti nzito ya rafiki yake, ikivutwa mwishoni, ya mtu anayemwita mwenziwe waende kula.

"Omeraaa."

Mjane aliweka kiganja mdomoni, akatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, machozi yakiupita mkono.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa."

Kisha akazisukuma njugu pembeni, akampisha mume wangu nafasi kwenye mkeka.